"Mama, ongeza!" Historia ya mteja wa Nigeria mbele ya sufuria

Kule Nigeria nyumba ndogo ya chakula inaitwa buka. Neno hilo limetoka katika lugha ya Kihausa, ambamo bukka ni kibanda cha nyasi. Mkaaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi hahitaji maelezo mengi: ni malewa. Kuna mabenchi, kuna meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, kuna masufuria makubwa yaliyopangwa mstari, na nyuma yake mama mmoja mwenye upawa mkononi. Mlangoni kuna ubao ulioandikwa kwa chaki kwamba chakula kiko tayari. Nyumba hizo zina jina la pili, Mama Put. Ni Kiingereza cha barabarani, na maana yake ni "Mama, tia", ni kusema ongeza. Wateja ndio waliolitoa, kwa kusimama mbele ya sufuria na kuomba kipande kimoja zaidi. Biashara zinazobeba jina la ombi la mteja wake ni chache sana duniani. Mwandishi Wole Soyinka, katika mchezo wake wa kuigiza The Beatification of Area Boy wa mwaka 1995, alimpa mama muuzaji wa chakula jina hilo hilo, Mama Put, na hakuna Mnigeria aliyehitaji kuelezwa ni nani.

Katika buka sahani haipangwi jikoni kwa siri na kuletwa mezani ikiwa imekwisha kuamuliwa. Inapangwa mbele ya macho ya mteja, kwa maneno, kipande kwa kipande. Mteja anaona nyama ipi inaingia, anaona upawa umejaa au haukujaa, na ana haki ya kusema. Haki hiyo ndogo imepiganiwa mara nyingi katika historia ya Nigeria, na wakati mwingine waliotaka kuiondoa walikuwa wakubwa wa serikali.

Tuanzie Kano, mji wa kaskazini. Mwezi wa pili mwaka 1851 aliingia huko Heinrich Barth, Mjerumani aliyesafiri kwa gharama ya serikali ya Uingereza. Alifika akiwa na madeni na bila pesa mkononi, akitegemea kuuza bidhaa alizobeba. Labda ndiyo sababu aliangalia bei za sokoni kwa makini sana, maana mtu mwenye njaa na mfuko mtupu anaona mengi. Katika kitabu cha safari yake alieleza nyumba za chakula za soko la Kano. Aliona vipande vidogo vya nyama vimechomekwa kwenye vijiti na kuwekwa karibu na moto. Kipande chenye mafuta kiliwekwa juu, kusudi mafuta yake yakiyeyuka yatiririke na kulainisha vile vya chini. Msomaji wa Goma anajua jambo hilo, ni mishikaki, brosheti zetu za jioni. Wahausa wanaita suya, na hadi leo wanaichoma wanaume, wakiipaka unga wa karanga zilizokamuliwa mafuta, tangawizi na pilipili, kisha wanaifunga katika gazeti la zamani pamoja na vitunguu vilivyokatwa.

Barth aliandika bei pia: simbi moja kwa kipande. Simbi ndizo zilikuwa pesa. Kwa hesabu yake, simbi 2,500 zilikuwa sawa na dola moja ya fedha ya Spania au ya Austria, na familia nzima iliweza kuishi vizuri Kano kwa simbi kati ya 50,000 na 60,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku unapata kati ya simbi 137 na 164 kwa nyumba yote. Kwa hiyo mchukuzi wa mizigo, msafiri, hata mtoto aliyetumwa sokoni, aliweza kununua kipande kimoja cha nyama bila kuharibu siku ya familia yake. Hakulazimishwa kununua sahani nzima. Alinunua kwa kadiri ya simbi alizokuwa nazo. Kule Kano simbi hazikufungwa kwenye uzi kama mahali pengine. Zilihesabiwa moja moja, na Barth aliona kazi hiyo kuwa ya kuchosha. Lakini pesa inayohesabika moja moja ni pesa inayomruhusu maskini kula kidogo. Hadi leo neno la Kihausa la pesa, kudi, linatoka katika jina la zile simbi.

Simbi hizo zilikuwa na njia ndefu. Nyingi zilitoka visiwa vya Maldive. Kisha, kuanzia miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba simbi za pwani ya Afrika Mashariki zinapatikana kwa bei ya chini, wakazipakia Zanzibar na kuzizungusha kwa meli hadi Afrika ya Magharibi. Zikamwagwa kwa wingi, mpaka zikapoteza thamani. Waswahili wa pwani waliookota simbi mchangani hawakujua kwamba wanaokota bei ya chakula cha watu wa Lagos.

Buka kama tunavyoijua leo ni mtoto wa kazi ya mshahara. Mtu anayelima karibu na nyumba yake anakula kwake. Waingereza walipojenga reli kutoka Lagos, ikafika Ibadan mwaka 1901 na kuunganishwa hadi Kano mwaka 1912, walizalisha kundi la watu wasiokuwa na jiko: makuli, makarani, mafundi wa reli, madereva, wanaume waliotoka mbali na kulala wengi katika chumba kimoja. Hao walikula nje, na chakula cha nje kilipikwa na wanawake. Kuna sababu moja ya kiufundi iliyowasaidia sana, nayo ni mihogo. Wareno waliileta mihogo kutoka Brazili hadi pwani ya Kongo katika karne ya 16, lakini upande wa Lagos ilienea zaidi katika karne ya 19, waliporudi watumwa walioachiliwa huru, wengine kutoka Brazili yenyewe. Walijua kuikuna, kuichachusha, kuikamua na kuikaanga mpaka ikawa gari, chembechembe kavu zinazokaa miezi bila kuharibika. Ukitia maji ya moto, dakika chache una eba, bugali ya haraka. Mama wa buka hakuhitaji kutwanga tangu alfajiri. Aliweza kumlisha mfanyakazi ndani ya saa yake moja ya mapumziko.

Wanigeria wana neno kwa vyakula vya namna hiyo vyote, eba, amala, fufu, viazi vikuu vya kutwanga. Wanaviita kwa Kiingereza chao "vya kumeza", kwa sababu havitafunwi. Tonge linachovywa katika mchuzi, linateleza, limekwisha. Mkongomani aliyelelewa kwa bugali na sombe hataona ajabu hapo. Atakachoona kigeni ni michuzi: egusi ya mbegu zinazofanana na za tikiti, ogbono inayovutika kama bamia, edikang ikong ya majani, ya watu wa Calabar, na ile ya Wayoruba inayoitwa abula, ambayo ni michuzi mitatu katika bakuli moja, wa kunde wa njano, wa majani ya kijani na wa nyanya na pilipili, juu ya amala ya rangi ya udongo mweusi. Mtu wa Ibadan atakuambia kwamba mahali pengine popote amala ni ya kuigiza tu. Ubishi huo ni sehemu ya mlo.

Sasa ikaja vita ya pili ya dunia, na pamoja nayo jaribio kubwa la kwanza la kumwondoa mteja na mama muuzaji katika kupatana bei. Kuanzia mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliamua kupanga yenyewe bei ya vyakula katika Lagos. Kazi hiyo alipewa Kapteni A. P. Pullen. Kwenye karatasi mpango ulionekana kuwa wa huruma: chakula kiwe rahisi kwa wakaaji wa mji. Lakini bei zilizowekwa zilikuwa chini ya gharama za kukileta. Gari ikatoweka sokoni na kuonekana tena usiku, kwa bei ya magendo. Mfanyakazi aliyezoea kula saa sita mchana akajikuta anatafuta chakula kama mtu anayetafuta kitu kilichoibwa.

Aliyesimama mbele ya Pullen alikuwa Alimotu Pelewura, muuzaji wa samaki katika soko la Ereko na kiongozi wa wanawake wa masoko ya Lagos. Hakujua kusoma wala kuandika. Serikali ilimwahidi pauni 100 kwa mwezi ili aunge mkono mpango huo, akakataa. Mwaka 1945, baada ya miaka ya ubishi na mwaka ule ule wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi juu ya gharama za maisha, udhibiti wa bei uliachwa. Vitabu vya historia vinamweka Pelewura katika sura ya siasa za wanawake, na ni haki yake. Lakini anastahili pia kutajwa kila mara mtu wa Lagos anaposimama mbele ya sufuria na kujadiliana na mama bila polisi wa bei kuwa katikati.

Kulikuwa pia na nyumba za chakula ambako Mnigeria hakuweza hata kufika kwenye hatua ya kujadiliana. Wazungu wa Lagos walikuwa na vilabu vyao, mitaa yao ya Ikoyi, hospitali yao na hoteli zao. Mwezi wa pili 1947, Ivor Cummings, afisa wa Wizara ya Makoloni ya London, alifika Lagos kwa kazi ya serikali. Chumba kilikuwa kimeagizwa kwa ajili yake katika Bristol Hotel. Cummings alizaliwa Uingereza, mama yake Mwingereza, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Kwenye barua, jina lake na cheo chake vilikubalika. Walipoona rangi yake, chumba hakikuwapo tena. Mji ukawaka. Magazeti na vyama, Nnamdi Azikiwe na wenzake wakiwa mstari wa mbele, walilifanya kuwa jambo la taifa zima. Gavana Arthur Richards, mtu ambaye wazalendo hawakumpenda kamwe, alilazimika kutoa waraka wa kukomesha ubaguzi wa rangi mahali pa umma. Miaka mingapi raia wa kawaida walikuwa wakikataliwa hapo mlangoni bila waraka wowote? Ilihitajika mgeni mwenye barua ya London ndipo serikali ione.

Jambo hilo Wanigeria walikuwa wamelijua London kwenyewe. Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi walizunguka mitaa na kukuta nyumba za kupanga zimefungwa kwao. Ladipo Solanke, mwanasheria Myoruba, na wenzake waliunda mwaka 1925 umoja wao uliojulikana kama WASU, na mwaka 1933 wakafungua nyumba yao katika mtaa wa Camden. Hapo mwanafunzi alipata kitanda, magazeti, mjadala wa siasa, na pia chakula cha nyumbani, wali wa nyanya na pilipili, mchuzi wa karanga. Wengi waliokula pale walirudi kwao kuwa mawaziri na wakubwa wa serikali. Ni vigumu kujua mawazo mangapi ya uhuru yaliiva juu ya meza ile, lakini meza ilikuwapo.

Kuna mkondo mwingine wa historia hii unaopita Kongo, na wasomaji wa Bandundu wataujua kwa jina la kijiji. William Lever, mwenye sabuni, alitaka kwanza ardhi ya mashamba makubwa ya michikichi katika makoloni ya Waingereza ya Afrika ya Magharibi. Alikataliwa. Akaenda kwa Wabelgiji, na mwaka 1911 akapewa maeneo makubwa ya Kongo; kituo chake cha Kwilu kikaitwa Leverville, ambacho leo ni Lusanga. Mateso ya wakataji wa ngazi za mawese katika maeneo hayo yanajulikana. Lakini Lever hakuiacha Nigeria. Alinunua Niger Company mwaka 1920, na mwaka 1929 ikaunganishwa na nyingine kuwa United Africa Company, UAC, chini ya ile nyumba iliyokuwa Unilever. Ile pesa ya mawese ilikuwa na mguu mmoja Kwilu na mguu mwingine Lagos.

UAC ndiyo iliyokuwa na maduka makubwa ya Kingsway, fahari ya barabara ya Marina katika Lagos. Ndani ya maduka hayo kulikuwa na vyumba vya kahawa na keki, ambavyo baadaye viliitwa Kingsway Rendezvous. Kutoka hapo, mwaka 1986, ukazaliwa Mr Bigg's, mkahawa wa kwanza wa kampuni hiyo kwa mtindo wa Kimarekani: kaunta, picha za chakula ukutani, bei zilizoandikwa, vijana wenye sare, ubaridi wa mashine. Kwa watoto waliokua katika miaka ya 1990, kupelekwa huko siku ya kuzaliwa ilikuwa kama kupelekwa ng'ambo. Mikate ya nyama, kuku wa kukaanga, wali wa jollof uliopimwa kwa kikombe na kupinduliwa kwenye sahani kama kisanduku. Kampuni nyingine za Wanigeria wenyewe zilifuata mtindo huo.

Mwaka huo 1986 una maana mbili. Ni mwaka ule ule serikali ya Jenerali Babangida ilipoanza mpango wa kurekebisha uchumi, naira ikaanguka, na mshahara wa karani ukayeyuka. Kwa hiyo mlango wa kioo wa mkahawa ulifunguliwa wakati watu wengi walikuwa wanasukumwa kuelekea kibanda cha mabati. Wengi walijifunza kuishi kote kuwili: mwisho wa mwezi kwenye kioo, siku nyingine zote kwa Mama Put. Na tofauti waliyoiona haikuwa ya pesa peke yake. Katika mkahawa wa kaunta bei imeandikwa, kipimo kimefungwa, na kijana mwenye sare hana ruhusa ya kuongeza hata kijiko. Ukimwambia "ongeza", anaangalia juu ukutani. Mteja anapata usafi, ubaridi na heshima ya kuitwa bwana, lakini anaacha mlangoni ile sauti yake.

Kabla ya hapo buka zilikuwa zimepita katika moto mwingine. Mwezi wa tatu 1984 serikali ya kijeshi ya Buhari na Idiagbon ilianzisha kampeni iliyoitwa vita dhidi ya utovu wa nidhamu. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha watu kupanga foleni, na askari wenye mijeledi walisimamia somo. Baadaye ikaja usafi wa mazingira, na vibanda vya barabarani vikabomolewa kwa wingi. Foleni zilibaki katika baadhi ya mahali. Buka zilirudi zote, mara nyingi umbali wa hatua chache kutoka zilipobomolewa. Serikali inaweza kuondoa mabati kwa asubuhi moja, lakini mchana wafanyakazi wa ofisi zake yenyewe watataka kula. Jina la buka moja maarufu ya Lagos Island linaonyesha jinsi zinavyong'ang'ania: inaitwa Ghana High, kwa sababu ilikaa jirani na ubalozi wa Ghana. Wateja walilipa pahali jina la ubalozi, na wengi hawakuwa na habari yoyote na visa.

Tuingie basi ndani, tuone mteja anavyopokelewa. Kwanza anasalimu, na katika miji ya Wayoruba kijana asiyemsalimu mama kwa heshima atapata mfupa. Mama anaitwa Iya, mara nyingi pamoja na jina la mtoto wake, kama sisi tunavyosema Mama Fulani. Anainua kifuniko cha kila sufuria kwa zamu. Mteja haagizi kwa jina la mlo, anaagiza kwa pesa: wali wa kiasi hiki, maharagwe ya kiasi hiki, ndizi za kukaanga za kilichobaki. Chakula cha kumeza kinahesabiwa kwa tonge kubwa lililofungwa katika plastiki. Kisha inakuja nyama, na hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa makali. Kuna nyama yenyewe, kuna utumbo unaoitwa shaki, kuna ngozi ya ng'ombe, ponmo, ambayo watu wa lishe wanaisema haina faida nyingi mwilini na ambayo wateja hawataki kusikia ikisemwa vibaya. Mteja ananyoosha kidole: si hicho, kile cha chini. Mama anageuza upawa. "Hicho ni cha bei nyingine." "Basi ongeza mchuzi." Na mchuzi unaongezwa.

Nyongeza hiyo ina jina lake, jara. Ni ile ile tunayoita matabishi. Haiandikwi popote, haidaiwi kwa nguvu, lakini mama asiyetoa jara atawapoteza wateja hata kama anapika kushinda wote. Inaunganisha watu kwa siku nyingi. Mteja wa kila siku anaweza kula leo na kulipa mwisho wa mwezi. Anaweza kutuma mtu amchukulie. Akikosa kuonekana juma zima, mama ataulizia. Na mama anayejaza nyumba kila mchana hakosi maneno ya majirani: wanasema ametia dawa ndani ya sufuria, dawa ya kuvuta wateja. Maneno hayo yanasikika Lagos kama yanavyosikika Kisangani. Kwa kawaida dawa ni mafuta ya mawese mazuri na kuamka saa tisa za usiku.

Katika sehemu za samaki kidole cha mteja kina nguvu zaidi bado. Kambare wako hai ndani ya beseni au tangi la maji. Mteja anamwonyesha anayemtaka, anauawa hapo hapo, anapikwa katika supu ya pilipili. Wanigeria wanaiita kwa maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya "onyesha, ua". Hakuna orodha ya vyakula iliyo wazi kuliko hiyo.

Mbali na Lagos, meza ya Nigeria imefika mahali ambapo wanafunzi wa Solanke wasingeota. Mwezi wa pili 2024, Chishuru, mkahawa wa London wa mpishi Adejoké Bakare aliyekulia Nigeria, ulipewa nyota ya Michelin, na Bakare akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Uingereza kuipata. Ni ushindi mkubwa, na vyombo vya habari vya Nigeria viliusherehekea kama bao la taifa. Mwaka mmoja kabla, mwezi wa tano 2023, Hilda Baci alipika Lagos siku nne mbele ya umati uliokuja kuonja na kuimba, na Guinness ikamwandikia rekodi ya saa 93 na dakika 11. Umati ule ulikuwa wateja pia, kwa namna yake, maana ulisimama kwenye mvua kwa ajili ya sahani.

Lakini siku chache tu baada ya sherehe hiyo mambo yaligeuka. Tarehe 29 mwezi wa tano 2023 Rais Tinubu, katika hotuba ya kuapishwa kwake, alitangaza kwamba ruzuku ya mafuta imekwisha. Mwezi uliofuata naira iliachwa ielee, ikazama. Bei ya lori kutoka shambani ilipanda, gesi ya kupikia ilipanda, nyanya zikafuata. Kufikia mwezi wa sita 2024 ofisi ya taifa ya takwimu ilihesabu kupanda kwa bei za vyakula kwa asilimia 40.87 ndani ya mwaka mmoja. Kule Kano, mji ule ule ambako Barth alikuta kipande cha nyama kwa simbi moja, watu walianza kununua afafata, mabaki ya mchele yaliyovunjika ambayo viwanda vilikuwa vikiwapa wafugaji wa samaki. Chakula cha samaki kikaingia sufuria ya watu.

Heshima ya mteja nayo ilipimwa upya katika mwaka huo. Mwezi wa tatu 2024 mkahawa wa kaunta wa jina la kigeni, katika uwanja wa ndege wa Lagos, ulifungwa kwa amri ya wakuu wa uwanja baada ya mteja mwenye kiti cha magurudumu kuzuiwa kuingia. Mteja huyo alikuwa mtoto wa mkubwa wa siasa, na jambo likasikika haraka. Mwaka 1947 ilikuwa barua ya London, safari hii jina la baba.

Kwa Mama Put hakuna aliyefukuzwa mlangoni, lakini mazungumzo mbele ya sufuria yamebadilika. Kipande cha nyama kimekuwa kidogo, kisha kidogo zaidi, mpaka wateja wanatania kwamba mama anakikata kwa wembe. Wengine wanakula bila nyama na wanasema hivyo kabla ya kuulizwa, kusudi mama asianze kuinua vifuniko. Mama naye anabanwa: akipandisha bei anapoteza mafundi na madereva wa pikipiki, asipopandisha anakula mtaji wake. Bei haiwezi tena kudumu mwezi, na ule mkopo wa kulipa mwisho wa mwezi umekuwa hatari, kwa sababu pesa itakayorudi haitanunua tena gari ile ile. Baadhi ya buka zimebandika karatasi ukutani: hakuna deni.

Kitu kimoja bado hakijatiwa bei katika nyingi kati yake. Mteja akimaliza nusu ya tonge na bakuli likakauka, anainua mkono, anasema, Mama, mchuzi kidogo. Mama analalamika juu ya bei ya nyanya, analaumu serikali, anachota, anamwaga.